Mvua Tunaisingizia

Ukikaa Rusimbi mwezi wa kumi utadhani watu wote wameajiriwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Muuza nyanya anatazama mawingu. Fundi baiskeli anatazama mawingu. Mzee aliyeketi barazani baada ya swala ya alasiri naye anayatazama, kisha anatoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa: "Mwaka huu mvua itatuangusha." Sisi ni watu wa mjini, ndiyo, kata yetu imo ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Lakini karibu kila nyumba ina kipande cha shamba mahali fulani nje ya mji, au ina mama, shangazi au mjomba mwenye kipande hicho. Ndiyo maana habari za mvua huku ni habari za kila mtu.

Mahindi yakidumaa, ni mvua. Mihogo ikitoa mizizi ya ukubwa wa kidole, ni mvua. Maharage yakitoa maua kisha maua yakapukutika, ni mvua. Sisemi kwamba mvua haina makosa. Siku hizi inachelewa, inakatika katikati, halafu inarudi kwa fujo kama mtu aliyekunywa. Lakini nimefika mahali pa kuamini kwamba tunaisingizia. Nyingi ya kesi tunazoifungulia mvua ni kesi za udongo.

Hebu tuanze na hesabu ndogo. Kigoma hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma hupata kama 600 hivi. Kwa hiyo sisi si jangwa. Shida yetu ni kwamba maji yote hayo huja kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tano, halafu mlango unafungwa. Miezi inayobaki ni vumbi, upepo wa kusini na moshi wa mioto ya vichakani. Ndiyo sababu msitu wetu wa miombo, huu unaoanzia hapa ukapita Tabora na Katavi hadi Zambia na Angola, huhesabiwa miongoni mwa misitu mikavu ya Afrika. Na mtu akisikia neno "mkavu" anafikiri swali ni moja tu: maji yatatoka wapi?

Msitu wenyewe haujibu hivyo. Panda gari la Kasulu mwishoni mwa mwezi wa tisa, wakati ardhi imepasuka na mbuzi wanatafuta kivuli hata cha nguzo. Utaona miti ya miombo inachanua majani mapya. Mekundu, ya rangi ya shaba, mengine ya waridi, mlima mzima. Mvua bado wiki kadhaa! Mti hauwezi kufanya hivyo kwa kusubiri mawingu. Unatumia maji uliyoyaweka akiba kwenye shina na yale ambayo mizizi yake mirefu inayafikia chini. Na unatumia chakula ulichokinyonya kutoka kwenye majani ya zamani kabla hujayaangusha. Jani la muombo linaloanguka limeshanyang'anywa sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi yake. Mti unaishi kwenye udongo maskini, kwa hiyo hautupi kitu hovyo.

Udongo huo ni maskini kwa sababu ni mzee. Miamba iliyouzaa imesagika kwa mamilioni ya miaka, na mvua zimeosha kalisi na potasiamu na kubakisha mchanga, udongo mwekundu wenye chuma, na uchachu. Fosforasi iliyomo, nyingi yake imeshikwa na chuma na alumini, iko pale lakini mizizi haiifikii. Ni kama pesa za urithi zilizoko benki huku kesi ya mirathi haijaisha. Miti mingi ya miombo imepata njia ya kuzitoa: imeingia ubia na kuvu. Nyuzi nyembamba za kuvu hushika ncha za mizizi, huenea mbali kuliko mizizi yenyewe ingeweza kufika, hukusanya fosforasi na naitrojeni na kuupa mti. Mti nao hulipa kwa sukari. Sisi wa Kigoma tunaujua ubia huu ingawa hatuuiti hivyo. Uyoga tunaonunua kwenye mabeseni kandokando ya barabara mvua zikishaanza, mwingi ni tunda la kuvu hao. Ndiyo maana wachuma uyoga watakwambia kwamba msitu ukikatwa wa mkaa, uyoga wa aina fulani hauonekani tena. Mbia mmoja amekufa, wa pili hana wa kumlipa.

Nilipoanza kusoma habari hizi nilitaka ushahidi kutoka nje ya kwetu, nikaukuta Serengeti. Nyanda za majani mafupi za kusini-mashariki, upande wa Ngorongoro, ni kavu kuliko kaskazini kwenye mto Mara. Kama maji ndiyo kila kitu, nyumbu wangekaa kaskazini mwaka mzima. Lakini mvua zikianza, zaidi ya nyumbu milioni moja hushuka kwenda kule kwenye mvua chache, na huko ndiko wanakozalia, mwezi wa pili hivi. Sababu iko chini ya kwato zao. Udongo wa kule umetokana na majivu ya volkano, na mlima Ol Doinyo Lengai ni mmoja wa waliomwaga majivu hayo. Majani yake ni mafupi lakini yamejaa kalisi na fosforasi, madini ambayo jike anayenyonyesha hawezi kuyakosa. Nyumbu hajasoma kilimo, lakini anajua kutofautisha majani mengi na majani yenye chakula.

Ushahidi wa pili unatoka mbali zaidi, Mali, kwenye ukanda wa Sahel, mahali ambapo jina lake lenyewe limekuwa kama jina lingine la ukame. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Kiholanzi, Henk Breman na C. T. de Wit, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi ya miaka kadhaa kwenye malisho ya huko. Walichosema kilishangaza wengi. Kaskazini kabisa, kwenye mvua chini ya milimita 300 hivi, kweli maji ndiyo yanayoweka kikomo. Lakini ukishuka kusini kidogo tu, majani hayasimami kukua kwa sababu maji yameisha. Yanasimama kwa sababu naitrojeni na fosforasi zimeisha, na maji mengine yanabaki ardhini bila kutumika. Fikiria hilo. Sahel! Kama huko milimita 300 zinatosha kuhamisha swali kutoka kwenye maji kwenda kwenye chakula cha udongo, sisi wenye 1,000 tunatazama nini mawinguni?

Wanasayansi wana mfano wa zamani wa kueleza jambo hili: pipa la mbao ambalo mbao zake hazilingani urefu. Hata ukimimina maji kiasi gani, yataishia pale ulipo ubao mfupi kuliko yote. Mfano huo mara nyingi huhusishwa na Mjerumani Justus von Liebig, wa karne ya 19. Ni mfano mzuri, ila kwenye nchi kavu una kasoro, kwa sababu unaonyesha maji na mbolea kama mbao mbili zilizosimama mbalimbali. Kwa kweli ni pacha walioungana. Naitrojeni husafiri kwenda kwenye mzizi ikiwa imeyeyuka ndani ya maji. Fosforasi ni mvivu zaidi, husogea milimita chache tu ndani ya utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo, na udongo ukikauka njia hiyo hukatika. Kwa hiyo ukame ni njaa pia. Upande wa pili, mmea uliokosa fosforasi unatoa mizizi mifupi, na mzizi mfupi haufiki kule chini ambako unyevu bado upo. Uliokosa potasiamu unashindwa kufunga vizuri vinyweleo vya majani, unapoteza maji mchana kutwa. Kwa hiyo njaa nayo huzaa kiu. Mkulima anaona mahindi yamenyauka siku kumi baada ya mvua kukatika, anasema ni jua. Jirani yake mwenye samadi shambani, jua lilelile, mahindi yake yanasubiri.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu mambo haya nisingeyafuatilia kama yasingetaka kutugombanisha.

Shamba letu liko mlimani, ukishapita Mwandiga. Ni la babu, na tangu baba afariki Mama ndiye analilima. Miaka mitatu mfululizo mavuno yalishuka. Mwaka uliopita baba mdogo alikuja Rusimbi, akakaa sebuleni, akanywa chai, akaeleza mpango wake. Amepata eneo la msitu upande wa Uvinza. Tuuze shamba hili la mlimani, watu wanatafuta viwanja, tukafungue shamba jipya kule.

"Shemeji, ardhi hii imekufa," alimwambia Mama. "Na mvua zenyewe unaziona. Kule Uvinza mahindi yanatoka bila kubembelezwa."

Mama akajibu, "Yatatoka miaka miwili. Halafu utakuja kuniambia na huko mvua zimegoma."

Baba mdogo si mtu wa kudharauliwa katika hili. Ana watoto wawili sekondari, na hesabu yake ni sahihi kabisa kwa muda wa misimu miwili au mitatu. Msitu ukikatwa na kuchomwa, fosforasi, potasiamu na kalisi zilizokusanywa na miti kwa miaka mingi hubaki kwenye majivu. Majivu hupunguza uchachu wa udongo, na kwa muda ile fosforasi iliyofungwa inafunguka kidogo. Mahindi ya msimu wa kwanza yanakuwa meusi kwa afya. Lakini naitrojeni imeondoka na moshi. Mvua za pili na za tatu zinaosha majivu. Mbia wa chini ya ardhi, yule kuvu, hana mti wa kumlisha. Msimu wa nne mtu anatazama mawingu.

Nilikwenda shambani na Mama mwezi wa pili, mahindi yakiwa kiunoni. Mvua ilikuwa imekatika siku nane. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa ya njano. Nilimwomba Mama tuangalie majani moja moja, kwa sababu kiu na njaa haziandiki mwandiko mmoja. Mmea wenye kiu hukunja majani yake mchana kama mkeka na huyakunjua jioni. Mmea wenye njaa ya naitrojeni huanza kuwa wa njano kwenye majani ya chini, kuanzia ncha na kufuata mshipa wa katikati, kwa sababu unayanyima majani ya zamani ili ulishe machanga. Wenye njaa ya fosforasi huwa na rangi ya zambarau ukingoni, hasa ukiwa mdogo. Majani yetu hayakuwa yamekunjwa. Yalikuwa ya njano kutoka chini. Udongo nao, ukichimba kwa jembe kina cha kiganja, ulikuwa bado na unyevu.

Halafu kulikuwa na ile sehemu ya juu, karibu na miembe miwili. Kipande cha hatua kama ishirini kwa thelathini. Mahindi yake yalikuwa ya kijani kiza, yamenizidi urefu, bua nene. Mbegu ileile, siku ileile ya kupanda, mvua ileile. Hata wingu haliwezi kuchagua hatua ishirini kwa thelathini.

Nikamwuliza Mama kama aliweka mbolea hapo. Akacheka.

"Hapo ndipo palipokuwa nyumba ya bibi yako," akasema. "Hapo chini ya mwembe ndipo kilipokuwa jalala. Na hapo pengine zizi la mbuzi."

Bibi hakuhama kwa kupenda. Operesheni Vijiji ilianza mapema katika mkoa wetu, mwaka 1972, kabla ya kusambaa sehemu nyingi za nchi. Watu waliokuwa wanaishi wametawanyika milimani waliambiwa washuke barabarani wakae pamoja. Nyumba zikaachwa, zikaanguka. Familia yetu ilirudi kulima eneo lile miaka mingi baadaye, lakini hakuna aliyejenga tena pale. Kilichobaki ni miembe, na rutuba. Zaidi ya miaka hamsini, na mahindi bado yanajua mahali Bibi alipokuwa anamwaga majivu.

Wazee wana neno la mahali kama hapo: mahame. Ukitembea mkoa wa Kigoma ukaona miembe imesimama porini pasipo nyumba, simama, umefika kwenye mahame ya watu fulani. Wengi tunayaona kama kumbukumbu ya huzuni, na ni kweli. Lakini pia ni ghala. Fikiria kilichoingia pale kila siku: majivu ya jikoni, mavi ya mbuzi, maganda ya mihogo, vichwa vya dagaa, mifupa, majani ya paa la zamani, na vya chooni. Vyote vilitoka eneo kubwa, kwenye mashamba, malisho na hata ziwani, vikakusanywa na mikono na miguu kwenye kiwanja kidogo. Fosforasi haipeperuki wala haiyeyuki haraka, kwa hiyo inakaa. Ikishakaa, miti na majani hustawi, ndege na wanyama huja, nao huongeza chao.

Hili si jambo la miaka hamsini tu. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Fiona Marshall na wenzake uliofanyika kusini-magharibi mwa Kenya, kaunti ya Narok. Walichimba mahali ambapo wafugaji wa zamani walikuwa wanalaza mifugo yao, kati ya miaka 1,500 na 3,700 hivi iliyopita. Hadi leo maeneo hayo ni viwanja vya majani mazuri katikati ya nyika, na udongo wake una fosforasi na kalisi kuliko wa pembeni. Wanyama pori bado wanakwenda kula hapo. Wafugaji wale hatujui hata walijiita nani, lakini mavi ya ng'ombe wao yanafanya kazi mpaka leo.

Nilimweleza Mama habari hiyo tukiwa tunarudi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kuna mtu anayekumbuka lile jalala kuliko yeye. Jioni ile nilimpigia baba mdogo. Nilimwuliza tu, bila hila: Bibi alikuwa anamtuma nani kumwaga majivu?

"Mimi," akasema. "Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchunga. Nikimwaga njiani alinichapa."

Simu ikawa kimya. Hakusema amebadili mawazo, na sikumwuliza.

Swali lililonibakia ni hili: kama rutuba ya zamani ilikuwa inakusanyika jalalani mlimani, ya leo inakusanyika wapi? Jibu ninaliona kila siku nikifungua dirisha. Inakuja hapa mjini. Mkaa unashuka kwa baiskeli, gunia tatu tatu, kutoka misitu ya nje. Mahindi, maharage, mihogo, ndizi, vyote vinashuka. Kila gunia lina fosforasi na potasiamu ya mlima fulani ndani yake. Hakuna gunia linalopanda kurudi. Majivu ya jiko tunayamwaga mtaroni, maganda tunayachanganya na mifuko ya plastiki mpaka hayafai kitu, vya chooni viko shimoni. Mvua ikija inabeba inachoweza. Udongo wa milimani nao unashuka na mito. Bonde la Luiche, kusini ya Ujiji, lina mpunga mzuri kwa sababu limekuwa likipokea udongo wa wengine. Kinachozidi kinaingia ziwani.

Na ziwani kisa ni kilekile. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Chakula cha viumbe wake, fosforasi na wenzake, huzama na kukaa chini kusiko na hewa. Kiko, lakini hakifikiki. Upepo wa kusini, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, ndio husukuma maji ya juu na kukipandisha baadhi, vijimea vikaota, dagaa wakala, migebuka ikawala dagaa. Watafiti walieleza mwaka 2003 kwamba maji ya juu yakizidi kupata joto, mchanganyiko huo hupungua na ziwa hutoa kidogo. Mvuvi wa Kibirizi na mkulima wa Mwandiga wana ugonjwa mmoja. Chakula kipo, njia ya kukifikia ndiyo imekuwa nyembamba.

Kwetu jambo hili limewahi kuonekana kutoka angani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jane Goodall, aliyekuja Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, aliruka na ndege ndogo juu ya hifadhi ile akaona milima ya pembeni imebaki uchi. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE katika vijiji vya eneo hilo. Jambo ninalolipenda katika historia ya mradi huo ni kwamba wanavijiji hawakuanza kwa kuomba wafundishwe kuwapenda sokwe. Walitaka chakula zaidi, afya na elimu. Kurudisha rutuba ya mashamba yaliyochoka kukawa sehemu ya kazi ya kuokoa msitu, kwa sababu mwenye shamba linalolisha hana haja ya kupanda juu na shoka.

Basi tufanye nini sisi wa kawaida? Mengi tunayajua. Tunajua kwamba wazee walisisitiza kupanda na mvua za kwanza. Mwaka 1958 mtafiti aitwaye H. F. Birch, aliyekuwa Muguga, Kenya, alieleza sababu mojawapo. Udongo uliokauka kwa miezi, ukilowa mara ya kwanza, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kuachia naitrojeni nyingi kwa siku chache. Mbegu iliyokwisha kuota inaiwahi. Aliyechelewa anakuta imeoshwa. Tunajua pia mbaazi: pamoja na kutengeneza naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, mizizi yake hutoa tindikali inayoweza kufungua ile fosforasi iliyoshikwa na chuma. Tunajua kichuguu, mkulima anayepanda mboga juu ya kichuguu kilichovunjwa anajua kwamba mchwa wamemletea udongo mzuri kutoka chini.

Ya dukani nayo siyakatai. Mahali udongo umefika kwenye deni, samadi peke yake haitoshi kulilipa, na mtu asitishwe na maneno kwamba mbolea ya chumvichumvi "inaua ardhi". Inayoua ni kuweka urea kila mwaka bila kurudisha kitu kingine chochote. Nchi yetu ina hata fosfati yake, ile ya Minjingu mkoani Manyara, iliyotokana na mabaki ya ndege waliokula samaki kando ya ziwa la kale. Inayeyuka polepole, na inafanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye uchachu, yaani udongo kama wetu. Ndege wa kale walikusanya kutoka ziwani wakaweka nchi kavu. Walifanya alichokuwa anafanya Bibi.

Na tuna michikichi. Hili ningependa watu wa Kigoma wote walijue. Mafuta ya mawese, yakiwa safi, ni kazi ya jua, hewa na maji tu. Ukiuza dumu la mawese hujauza rutuba ya shamba lako. Rutuba, hasa potasiamu, imebaki kwenye vikonyo, makapi na maganda. Yarudishe chini ya mchikichi, umeuza bila kupunguza mtaji. Yachome au yatupe, basi umeuza shamba kidogokidogo.

Familia ilikaa tena mwezi wa nane. Hatukuuza. Hatukukubaliana moja kwa moja pia. Baba mdogo amepewa nusu ya chini alime anavyotaka kwa misimu miwili, na ameahidi kusubiri kwanza kuhusu Uvinza. Mama amechukua nusu ya juu: mbuzi wanne, mbaazi katikati ya mahindi, mbolea ya kupandia kidogo kwenye kila shimo badala ya kuitawanya. Misimu miwili si mingi kwa udongo. Ikipita bila tofauti ya kuonekana, nusu ile itauzwa, na sitakuwa na hoja ya kumzuia mtu mwenye ada za shule.

Mjini tumeanza kukusanya majivu. Majirani wanne wanatuletea yao kwenye ndoo, bila misumari wala plastiki, tunayaweka gunia mahali pakavu. Hayana naitrojeni, na ukiyazidisha yanaunguza miche, lakini kwenye udongo mchachu ni dawa. Mara moja kwa mwezi Mama anapanda nayo kwenye gari linaloshusha mkaa, kwa sababu likirudi linarudi tupu. Mara ya kwanza kondakta alishika kiuno.

"Mama, na jivu nalo unalisafirisha?"

"Mkaa ulilipa nauli kuja," Mama akamwambia. "Jivu linarudi kwao."

Walibishana bei mpaka dereva akapiga honi. Akalipa nusu.